Kihisi cha bei nafuu kinaona moshi wa Goma, vumbi kinalikosa

Naulizwa sana kama vihisi vidogo, aina ya SDS011 au PMS5003, vinavyouzwa kwa makumi machache ya dola, vinafaa kupimia hewa ya hapa Goma. Kwa moshi, vinafaa. Kwa vumbi, mimi siviamini.

Ndani mna feni, leza na kijicho cha kupokea mwanga. Feni inavuta hewa, chembe zinakatiza kwenye leza na kumulikwa, kama zile unazoziona jua likipenya dirishani. Uzito haupimwi kabisa. Hizo mikrogramu kwa mita ya ujazo zinazoonekana kwenye kifaa ni makisio yanayotokana na chembe alizojaribia mtengenezaji, na chembe zake si zetu. Moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa, inayowashwa ni laini, wingi wake uko chini ya mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo kihisi kinaunasa. Vumbi la lava linalotimuliwa na pikipiki lina chembe kubwa, nyingi haziufikii mwale; tena ni jeusi, linameza sehemu ya mwanga badala ya kuutawanya wote. Namba ya PM10, yaani chembe za hadi mikroni 10, kutoka kwenye kifaa hiki huwa naifuta.

Halafu kuna unyevu. Usiku wa mvua chembe hunyonya maji na kuvimba, namba inapanda ilhali moshi haujaongezeka. Weka kipima unyevu kando, na vipimo vya unyevu unaozidi asilimia 80 uvitie alama. Kabla ya kuvisambaza mitaani, viwashe vyote pamoja chini ya paa moja siku kadhaa. Kinachokwenda kivyake, kiache nyumbani. Umeme ukikatika, betri ya akiba na kadi ya kumbukumbu vitakuokoa. Na usishtuke kwa namba ya dakika moja saa ya kupika: kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha 2021, mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa chembe za hadi mikroni 2.5, ni wastani wa saa 24.

Jambo moja la hatari. Makaa yakishaiva na kuwa mekundu, moshi hupungua na namba hushuka, mtu akadhani sasa anaweza kuingiza mbabula chumbani. Gesi ya monoksidi ya kaboni haionekani kwa leza, na ndiyo inayoua watu usingizini. Mbabula ibaki nje.

Kwa vumbi natumia kipande cha kioo kilichopakwa vaselini, kikitegwa chini ya upenu, kisha nakipiga picha kwa darubini. Chembe za lava zina kingo kali, zinang'aa kama chupa iliyovunjika. Masizi ni madoa yasiyo na umbo. Hupati mikrogramu, unapata ulinganisho wa mtaa na mtaa. Kioo cha barabara ya lami na cha njia ya mawe vitegwe wiki ileile, kimo kilekile, la sivyo utakuwa unalinganisha mvua.