Wahusika 16, jozi 8: tamthilia zinavyopoteza watu wake

Kazi yangu ni kuhariri skripti za tamthilia. Nakaa Bagamoyo, kushuti kunafanyika zaidi Dar es Salaam, na skripti hunifikia kwa simu, mara nyingi lokesheni ikiwa imeshalipiwa. Nikipokea furushi la epizodi sianzi kwa kusoma hadithi. Naorodhesha majina ya wahusika wote kushuka chini, nayaorodhesha tena kwenda pembeni, kisha nasoma huku nikiweka alama kila wanapokutana watu wawili na mmoja wao akatoka pale amepata au amepoteza kitu. Salamu hazihesabiwi. Kuletewa chai hakuhesabiwi.

Tamthilia yenye wahusika 16 ina jozi 120 za watu wanaoweza kukutana. Katika skripti nyingi ninazopokea, alama zote zinarundikana kwenye jozi 8 au 10: mume na mke, mume na mchepuko, mke na shoga yake, bosi na msaidizi wake, mama mkwe na mkamwana. Jozi zaidi ya 100 hazijaguswa, na tuko epizodi ya 40. Halafu mtazamaji analalamika kwamba wahusika wamezidi, wengine hata haelewi wanafanya nini mle ndani. Ana haki ya kuchoka, ila sababu anayoitaja siyo. Watu si wengi. Watu hawadaiani kitu.

Nasema kudaiana kwa maana pana: pesa, siri, mtoto, kiwanja, aibu ya zamani, fadhila ambayo haijalipwa. Ukimtoa mhusika kwenye hadithi na hakuna hata mmoja anayebabaika, basi huyo hajawahi kuwemo, hata kama sura yake iko kwenye bango.

Angalia walichofanya Wamarekani kwenye Lost, iliyoanza ABC mwaka 2004 ikiwa na waigizaji wakuu 14 katika msimu wa kwanza. Ndege imeanguka kisiwani na wengi wa waliopona hawajuani. Kwa mwandishi hakuna mwanzo mgumu kama huo, maana wageni hawadaiani. Wakaamua kila epizodi imchukue mtu mmoja na kurudi kwenye maisha yake ya kabla ya safari, huku mambo ya kisiwani yakiendelea kwa wote. Mtazamaji hakulazimishwa kuwapenda watu 14 kwa mkupuo. Alipewa mmoja mmoja, na kila aliyepewa alibadilisha namna ya kuwatazama waliobaki. Msimu wa tatu wakaingizwa Nikki na Paulo, eti walikuwepo tangu siku ya kwanza. Watazamaji waliwakataa, na Machi 2007 waandishi wakawazika wakiwa hai ndani ya epizodi moja. Sioni kosa kwa waigizaji wale. Tatizo ni kwamba nje ya wao wawili, hakuna mtu kisiwani aliyewadai wala waliyemdai.

Lakini tamthilia ninayowarudishia waandishi kila mara ni The Wire ya HBO, 2002 hadi 2008, epizodi 60. Kila msimu unafungua upande mwingine wa mji wa Baltimore: bandari, siasa, shule, gazeti. Msimu wa nne, McNulty, askari ambaye ndiye aliyekuwa sura ya tamthilia, anasogezwa kando na nafasi wanachukua wavulana wanne wa shule. Prodyuza wa kwetu akisikia hivyo atashika kichwa. Iliwezekanaje? Mtazame mtoto mmoja, Randy, na askari mmoja, Herc, mtu wa pembeni ambaye tangu msimu wa kwanza tumezoea kumwona akiboronga. Randy anaropoka jambo alilolijua, habari inamfikia Herc, Herc hachungi mdomo, na mtaani inajulikana kwamba mtoto kaongea na polisi. Nyumba inachomwa moto, mama mlezi anaungua vibaya, Randy anapelekwa kituo cha watoto. Herc anaendelea na mambo yake. Hakuna mwandishi ambaye angeanza msimu kwa kusema “nataka hadithi ya Herc na Randy”, lakini jozi hiyo ndiyo inayoumiza kuliko zote, na iliwezekana kwa sababu Herc alikuwa ametunzwa misimu mitatu bila kutupwa.

Kwa nini kwetu haitokei? Watu wanapenda kusema waandishi wetu hawajasoma. Mimi naanzia kwenye ratiba. Waigizaji wengi wanalipwa kwa siku ya kushuti, kwa hiyo prodyuza anakusanya sini, yaani maonyesho mafupi yanayounda epizodi, zote za nyumba moja na kuzimaliza kwa mkupuo. Ukiandika sini inayomtoa mama wa Mikocheni na kumkutanisha na fundi wa Mbagala umevuruga siku za watu wawili na gari moja. Hakuna anayemwambia mwandishi asiandike hivyo. Anajifunza mwenyewe, baada ya sini zake kukatwa mara kadhaa. Na pale ambapo waandishi wako wengi, kila mmoja anapewa nyumba yake, anailinda, na baada ya miezi michache tamthilia moja imekuwa tamthilia nne zinazotumia wimbo mmoja wa mwanzo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye karatasi. Sini ya watu wawili unaimaliza asubuhi. Watu sita wakikaa mezani, kila uso unataka shoti yake, kila shoti inataka taa isogezwe, macho ya kila mmoja yaelekee panapostahili, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kijiko kilikuwa mkono gani. Nusu siku imekwisha. Tamthilia za Kituruki tunazozitazama Azam TV zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili zinaweza kuzunguka meza nzima uso kwa uso kwa sababu epizodi ya kule kwao inafika saa mbili au zaidi. Ukiiga mzunguko huo kwenye epizodi ya dakika 24, umekula chakula cha watu wengine wote.

Halafu kuna urithi wa kikundi. Michezo yetu ya runinga ilikuzwa na vikundi vya sanaa. Kaole Sanaa Group, waliotamba ITV, ndiko walikopitia waigizaji Kanumba, Ray na Johari. Kikundi kina uzuri ambao kastingi ya leo haina, maana watu wanajuana pumzi, na mwandishi anamjua kila mmoja anavyocheka. Ila mwanakikundi ni mwanakikundi, na kila mmoja anatarajia kuonekana. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo la kugawa sentensi kama pipi za harusini.

Chukua sini ya posa, ambayo kila tamthilia ya pwani inayo. Sebule, watu tisa, mshenga ameleta barua. Mwandishi anaogopa kumwacha mtu bubu, basi kila mmoja anapata mstari: “Tumefurahi sana.” “Kwa kweli ni jambo la kheri.” “Mwenyezi Mungu awajaalie.” Dakika tatu zimepita na hakuna kilichotokea.

Na mila yenyewe ilishamfanyia kazi! Kwenye posa zetu mahari ni ya binti, mkaja ni wa mama, kilemba ni cha baba. Kila mmoja ana haki yake yenye jina, kwa hiyo kila mmoja ana cha kupata na cha kukosa. Anzia hapo. Tuseme baba mzazi alishafariki, na mshenga anapotaja kilemba wanageuza shingo watu wawili: baba mdogo aliyemlea binti, na mjomba aliyelipa ada yake ya shule. Pamoja na mshenga hao ni watatu, na maneno yote ni yao. Kaka mkubwa kanyamaza, kwa sababu mashine ya boti yake ameinunua kwa mkopo wa familia ya muoaji. Sebuleni anayelijua hilo ni dada wa kazi peke yake, maana ndiye aliyempokea kijana wa familia hiyo alipokuja kudai. Dada anaingia na trei ya kahawa. Anagawa vikombe, anafika kwa kaka mkubwa, anamkazia macho kidogo, anapita. Mama kaliona jicho lile. Hatasema kitu leo. Waliobaki wanapewa shughuli: bibi anasinzia, shangazi anahesabu noti zilizoletwa na barua, mdogo wake binti anarekodi kwa simu, na video hiyo tutaihitaji epizodi tatu mbele.

Mistari imepungua kuliko ile ya kwanza. Wamezungumza watatu, lakini watu sita hawatakuwa walivyokuwa. Na angalia jozi zilizofunguka kwa trei moja: dada wa kazi na kaka, mama na dada wa kazi, mama na kaka.

Tulipokuwa tunapitia sini ya namna hii, mwigizaji mmoja kijana, binti aliyesomea hapa hapa Bagamoyo, alinijia mapumzikoni. “Shikamoo mwalimu. Leo tena nabeba trei?” Nikamwambia, marahaba mwanangu, leo trei ndiyo yenye habari. Akaenda kuurudia mwendo wake mara kadhaa bila kuambiwa. Waliopita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi bado tunaiita Chuo cha Sanaa, wamefundwa kuwa kazini jukwaani hata wasipokuwa na neno la kusema. Inaniuma sana fremu inapowakata kwa sababu tu skripti haikuandika kwamba wanasikia.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kazi ya mhusika, namaanisha ajira yake. Waandishi wetu wanapenda wakurugenzi wa kampuni, na mkurugenzi anakutana na sekretari wake, basi. Kumbuka Twende na Wakati, tamthilia ya redio ya Radio Tanzania, iliyoanza mwaka 1993. Mhusika wake Mkwaju alikuwa dereva wa lori. Redioni huna sura ya kumkumbusha msikilizaji nani ni nani, kwa hiyo huwezi kubeba mtu asiye na kazi, na dereva wa lori anafika kwa kila mtu bila mwandishi kutafuta kisingizio. Cheche wa Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza mwaka 2012 na kutupa Bagamoyo yetu kwenye runinga, ni mpiga picha. Mpiga picha anaingia harusini, anaingia kwenye nyumba ya tajiri, anapiga picha za vitambulisho za maskini, na hakuna anayemuuliza umefuata nini.

Shuka soko la samaki hapa kwetu asubuhi boti zikiingia umtazame dalali wa mnada. Kwa saa moja ameshaongea na nahodha, na mchuuzi wa baiskeli, na mama wa karai la kukaangia, na mtu wa hoteli, na anajua nani anamkopesha nani. Mwandishi akiniwekea dalali wa samaki badala ya mkurugenzi wa tatu, nusu ya jozi zake zimejifungua zenyewe. Hill Street Blues ya Marekani, mwaka 1981, ilipata faida hiyo kwa mahali: epizodi inafunguka askari wote wamekaa chumba kimoja wanapangiwa kazi za siku, na kwa dakika chache umeshaona kila uso kabla hawajatawanyika. Prodyuza wetu analipia lokesheni sita za sebule zinazofanana. Lipia moja ya kijiwe cha kahawa, uitumie kila epizodi.

Na kuna hazina ambayo sielewi kwa nini hatuigusi: utani. Misafara ya Wanyamwezi ilishuka hapa pwani enzi na enzi, na utani wao na Wazaramo unajulikana. Mtani anaruhusiwa kusema msibani kile ambacho mtoto wa marehemu hathubutu kukinong'ona. Kwa mwandishi mwenye wahusika 16 wasiosogeleana, mtani mmoja ana ruhusa ya kugonga milango 15, na hakuna anayeweza kumkasirikia hadharani. Tumekuwa tukimtumia kuchekesha tu.

Si lazima kila mtu awepo kila wiki. Bran Stark hakuonekana hata mara moja katika msimu wa tano wa Game of Thrones, mwaka 2015. Hawakuwa na sini ya kumfaa, wakamwacha, aliporudi alirudi na jambo. Kwetu mwigizaji anaitwa aje akae kwenye kochi ili jina lake lisisahaulike. Ni heshima mbaya kwake na ni kiti kilichozuiwa kwa mwingine.

Kumwacha mtu kwa muda ni tofauti na kumpoteza. Mwigizaji akipata kazi sehemu nyingine katikati ya msimu, mhusika wake “anasafiri Dubai” au anapata ajali Chalinze, na epizodi ya pili yake hakuna anayemtaja. Ajira za waigizaji haziko mikononi mwa mwandishi na sitamlaumu kwa hilo. Ila alichokidai na alichodaiwa yule mtu bado kiko mikononi mwake. Kaka mkubwa akisafiri, mashine ya boti haikusafiri naye. Familia ya muoaji bado inaitaka, mama alishaliona lile jicho, na dada wa kazi yupo jikoni. Epizodi inayofuata andika nani anakuja kuidai, na nani anamfungulia mlango.