Homa ya mgunda kwa mbwa: maabara inatafuta nini kwenye damu na mkojo?

Mbwa wangu hali tangu juzi, anatapika, na weupe wa macho umegeuka manjano. Jirani anasema nimchome OTC tu, ile antibayotiki ya mifugo. Nimchome?

Bado. Inaweza kuwa homa ya mgunda, yaani leptospirosisi, ugonjwa uleule uliotangazwa Ruangwa mkoani Lindi mwezi Julai 2022. Lakini manjano huletwa pia na babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, na hicho hakitibiwi kwa OTC. Ubaya wa sindano ya kubahatisha ni kwamba hupunguza bakteria kwenye damu, kisha maabara inawakosa ilhali figo zinaendelea kuharibika. Sampuli itangulie. Mbwa akiwa hoi, daktari wa mifugo atatoa damu na kuanza dawa siku hiyohiyo bila kusubiri majibu.

Si waangalie tu kwa hadubini?

Babesia, ndiyo: tone la damu kwenye kioo, rangi, na mtaalamu mwenye jicho zuri. Leptospira, yaani bakteria wa homa ya mgunda, ni wembamba mno kwa hadubini ya kawaida, na kuwaotesha maabara huchukua wiki hata miezi. Kwa mgonjwa aliyelala sakafuni, hilo halina msaada.

Vipimo vya kawaida vya damu havimtaji mhusika, ila vinaonyesha alikopita. Kreatinini na yurea zikipanda, figo zimeguswa. Bilirubini ikipanda, ini nalo limo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, mara nyingi hushuka. Vyote vitatu vikienda pamoja, daktari huanza kuishuku homa ya mgunda kwa nguvu.

Nipeleke damu au mkojo?

Vyote viwili. Wiki ya kwanza ya ugonjwa bakteria wako kwenye damu. Baadaye huhamia kwenye figo na kutoka na mkojo. Kwa kuwa ni nadra mwenye mbwa kujua aliambukizwa lini, kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria, hufanywa kwa sampuli zote mbili. Mkojo nao una hila zake: leo bakteria wanatoka, kesho hawatoki.

Kwa nini daktari anataka damu tena baada ya wiki mbili?

Hapo anatumia kipimo cha MAT. Majimaji ya damu ya mbwa huchanganywa na leptospira hai wa aina mbalimbali. Kama ana kingamwili, bakteria hugandana. Kisha majimaji hayo huzimuliwa hatua kwa hatua, 1:100, 1:200, 1:400, kuona yanapoishia nguvu.

Jibu moja la MAT halitoshi. Mbwa aliyechanjwa ana kingamwili bila kuumwa, na aliyeanza kuumwa jana huenda hana kabisa. Kinachothibitisha ni kupanda mara nne au zaidi kati ya sampuli ya kwanza na ya pili, mathalani kutoka 1:100 hadi 1:400. Kwa hiyo mwambie daktari tarehe ya chanjo, hata asipokuuliza. Ni maabara chache zinazofanya MAT, maana lazima zitunze bakteria hai. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa kikikitumia katika utafiti wake.

PCR imetoka hasi. Basi hana?

Si lazima. Uliza sampuli ilichukuliwa siku ya ngapi, na kama alikuwa ameshapewa antibayotiki. Mbwa akiendelea na dalili zilezile, madaktari wengi hawasimamishi antibayotiki ya doksisaiklini kwa sababu ya karatasi moja. Dawa hiyo kwa kawaida hutolewa wiki mbili, ili kuwaondoa bakteria waliojificha kwenye figo.

Na sisi nyumbani?

Mkojo wake unaambukiza binadamu. Vaa glovu unapousafisha, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, watoto wakae mbali. Ukipata homa na maumivu ya misuli, nenda hospitali na utaje kwamba unauguza mbwa.