Lubaina Himid, kanga zake na galari yake: yanayosemwa na yalivyo

Hii ndo tunayoipenda zaidi sisi Waswahili, eti Lubaina Himid, yule msanii mchoraji wa Uingereza, ni Mzanzibari aliyebeba kanga za kwao akaenda kuwauzia Wazungu kama sanaa. Kuzaliwa kazaliwa Zanzibar kweli, 1954, hapo hakuna ubishi, ila baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi michache tu, mama Mwingereza akarudi naye kwao, kwa hiyo kakulia London, kasomea usanifu wa jukwaa la tamthilia Wimbledon na miaka kibao kafundisha chuo kikuu huko Preston. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa, macho ya kusoma nguo kayapata hapo, sio forodhani. Na kanga zake anazichora mwenyewe kwa rangi, zingine kwenye karatasi zingine kwenye kitambaa zikatundikwa kama bendera, kama zile za maonyesho ya Gateshead, Uingereza, 2018. Pindo lipo, mji upo, jina lipo, ila jina lenyewe ni maneno ya waandishi weusi tena kwa Kiingereza. Mtu wa pwani akiisoma anaelewa mara moja kwamba hapo kuna mtu anasemwa.

Halafu kuna wale wa "miksi midia ni kuokoteza vitu na kubandika", yaani sanaa ya kuchanganya vifaa mbalimbali kwenye kazi moja. Aisee. Chukua Swallow Hard ya 2007, vyombo 100 vya udongo, masahani, majagi, mabakuli ya supu, vyombo vya mtumba kabisa, akavipaka rangi ya akriliki juu ya maua ya zamani bila kuyafuta yote. Sahani moja ina sura ya mtumishi mweusi, nyingine bwana mkubwa na wigi lake anatapika kwa sababu biashara ya utumwa imepigwa marufuku na hela imekata. Mji wa Lancaster, Uingereza, ulikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo na kazi ilionyeshwa hapohapo mjini, miaka 200 baada ya sheria ya 1807. Sasa niambie, ingechorwa kwenye turubai ingeuma hivyo? Sahani ndo yenyewe ile matajiri waliyolia chakula, hoja yote iko kwenye chombo.

Naming the Money ya 2004 nayo hivyohivyo, watu 100 wa mbao wa kimo cha binadamu, wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa, wote watumwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya. Unapita katikati yao kama uko sokoni, sauti zinasikika, na ukizunguka mgongoni kwa kila mmoja kuna karatasi ya mahesabu yenye jina lake la kwao, jina alilobandikwa, kazi aliyokuwa akiifanya zamani na anayofanyishwa sasa. Mtu kwenye risiti, basi.

"Kaibuka ghafla 2017 na Turner Prize", ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, hii nayo ifike mwisho. Kweli alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuichukua na alikuwa na miaka 63, lakini hadi mwaka uliotangulia sheria ilikuwa ukipita 50 huruhusiwi kabisa kushindania! Huyu mama alikuwa anaandaa maonyesho ya wanawake weusi toka 1983, na 1985 akawapanga ICA, jumba la sanaa la London, kwenye korido tu, maana ndo nafasi waliyopewa. Kazi ilikuwepo miaka yote hiyo, waliochelewa ni majumba ya sanaa.

Sasa galari, yaani nyumba inayomwakilisha msanii, kuonyesha kazi zake na kuzitafutia wanunuzi. Watu wanadhani galari ni duka, au kwamba imeshamnunua msanii na kazi zake zote. Anayemwakilisha London ni Hollybush Gardens, iliyoanzishwa 2005 na Lisa Panting na Malin Ståhl, ipo Clerkenwell, na New York yupo na Greene Naftali, kwa hiyo hata kumiliki peke yao hawammiliki. Kwa kawaida kazi inabaki mali ya msanii mpaka iuzwe, na ikiuzwa mara nyingi wanagawana nusu kwa nusu. Hiyo nusu inaonekana wizi ukiisikia kijuujuu, ila humo kuna maonyesho, picha, usafirishaji, kumbukumbu za nani ananunua nini, na kuchagua mnunuzi, maana ikienda jumba la makumbusho watu wanaiona, ikienda kwa mlanguzi anaikimbiza mnadani. Mnadani msanii hapati nusu tena, Uingereza kuna haki ya kulipwa kazi ikiuzwa upya lakini inaanzia asilimia 4 na inashuka kadiri bei inavyopanda.

Na wanaosema galari ndo imempeleka Venice Biennale 2026, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, hapana, aliyemteua kuiwakilisha Uingereza ni British Council, shirika la utamaduni la nchi hiyo. Naming the Money pia haikuishia sebuleni kwa tajiri, ni mali ya makumbusho ya utumwa ya Liverpool.