Zamu ya Usiku Hospitalini Bukavu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Saa 11 jioni, wakati akina mama wa soko la Kadutu wanapoanza kukunja bidhaa zao, mimi huwa nimekwisha kuvaa nguo nyeupe na ninapokea wagonjwa kutoka kwa mwenzangu wa mchana. Nimefanya zamu ya usiku, ambayo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaiita gardi, kwa miaka 11, sehemu kubwa katika wodi ya watoto. Nimesikia mengi juu ya kazi hii, kanisani, njiani na hata mezani kwa ndugu zangu, na naamini kwamba mengi hayatokani na chuki bali na kutojua, kwa maana mtu aliyelala hana namna ya kuona yanayofanyika usiku. Nayaandika hapa yale yanayorudiwa mara nyingi, na kando yake naweka ninayoyajua.

"Usiku wagonjwa wamelala, na muuguzi naye analala."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Ugonjwa haufuati saa za ofisi. Homa hupanda jioni, pumu hubana zaidi kabla ya alfajiri, na uchungu wa kuzaa unaoanza wenyewe mara nyingi humjia mama usiku. Dawa nazo zina saa zake. Mtoto mwenye malaria kali huchomwa artesunate, dawa ambayo tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza mahali pa kwinini hata kwa watoto, na sindano hizo hutolewa anapofika, kisha saa 12 baadaye, kisha saa 24 baada ya ile ya kwanza. Aliyefikishwa kwetu saa 9 alasiri atadai sindano yake ya pili saa 9 usiku. Dawa hiyo haichanganywi jioni ikawekwa kando; huchanganywa wakati ule ule wa kuchomwa, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo anayeitayarisha lazima awe macho kweli kweli.

Sukari ya damu ya mtoto huyo huyo inaweza kushuka ghafla, na mtoto ambaye sukari yake imeshuka hufanana sana na mtoto aliyepata usingizi mzuri. Mama yake hushukuru kwamba hatimaye amenyamaza. Mimi humgusa, humwita kwa jina, na asipoitikia humtoboa kidole nipime. Ikiwa damu yake imepungua na anaongezewa, robo saa ya kwanza sibanduki kando ya kitanda, kwa sababu ndipo mwili unapoweza kuikataa damu hiyo. Kwetu tuko wauguzi wawili kwa vitanda 34, na malaria inapozidi, kitanda kimoja hulaza watoto wawili. Umeme ukikatika, mama mmoja hunishikia tochi ya simu wakati ninapotafuta mshipa kwenye mkono mdogo kuliko kidole gumba changu.

Sitadai kwamba hakuna muuguzi aliyewahi kukutwa amesinzia. Yupo, na mimi mwenyewe nimewahi kushtuka kalamu ikiwa mkononi na karatasi ya mgonjwa imechorwa mstari mrefu usio na maana. Lakini mapumziko ya dakika 20 yaliyopangwa, mwenzako akiwa macho na akijua uliko, hupunguza makosa. Ninachokipinga ni kuyahesabu mapumziko hayo kuwa wizi, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapokwenda kujificha mahali ambapo hata akiitwa hasikii.

"Miaka yote hiyo, mwili wako umekwisha kuzoea."

Natamani ingekuwa hivyo. Ndani ya ubongo, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna saa ndogo ya mwili inayoongozwa na mwanga, na wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa ya namna hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Saa hiyo haijui ratiba ya hospitali. Kuelekea alfajiri joto la mwili hufikia kiwango chake cha chini, mawazo yakawa mazito, na mtu aliye katika hali hiyo ndiye anayetakiwa kugawanya miligramu bila kukosea. Zamu yetu huisha saa 2 asubuhi, na jua la Bukavu ninalokutana nalo njiani huiambia saa ile kwamba siku imeanza, hata kama miguu yangu inasema imekwisha. Ndiyo maana wengi wetu hulala kwa muda wa saa nne au tano tu mchana, usingizi mwepesi unaokatwa na kila mlango.

Kahawa haifuti deni hilo. Nusu ya kile kinachoamsha ndani yake huwa bado mwilini saa tano hivi baada ya kuinywa, kwa hiyo kikombe cha saa 11 alfajiri huja kunidai nikiwa kitandani. Pia kuna jambo ambalo wenzangu vijana wanapaswa kuambiwa wazi: mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, na mwaka 2019 likarudia hukumu hiyo kwa kazi ya usiku. Haina maana kwamba kila anayekesha ataugua. Ina maana kwamba anayepanga zamu hana ruhusa ya kumpangia mtu mmoja usiku saba mfululizo kwa hoja kwamba amezoea.

Kutokana na dhana hii huzaliwa nyingine, ile ya jirani anayegonga mlango saa 5 asubuhi na kuniuliza, "Dada, mpaka sasa umelala? Unaumwa?" Huja kwa upendo, najua. Lakini yeye hangekubali kugongewa saa 5 usiku aje kusikiliza habari za mkutano wa harusi.

"Usiku hakuna daktari, kwa hiyo hakuna anayejua la kufanya."

Daktari wa zamu huwapo, ingawa ni mmoja kwa wodi kadhaa, na wakati mwingine yumo katika chumba cha upasuaji. Anayemwona mgonjwa akianza kubadilika ni muuguzi, na kujua ni nani wa kuamshiwa daktari, na lini, ni elimu inayofundishwa: muuguzi wa ngazi ya A2 ameipata katika shule ya sekondari ya tiba, na wa ngazi ya A1 ameongeza miaka 3 ya chuo. Kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima ni jambo dogo kwa macho ya watu, lakini mara nyingi pumzi hubadilika mapema kuliko dalili nyingine zinazotisha.

"Kazi ya usiku ina pesa nzuri."

Wauguzi wengi wa nchi hii hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, ama wanapata posho ya hatari peke yake, na kinachobaki ni kile ambacho hospitali hugawanya kutokana na malipo ya wagonjwa. Mwezi ambao wagonjwa hawana kitu, nasi hatuna. Nyongeza yangu ya usiku hainitoshi hata nauli ya pikipiki kwa juma moja. Hospitali moja niliyofanyia kazi zamani ilitutaka, juu ya kazi nyingine zote, tuhakikishe kwamba mama aliyejifungua na kushindwa kulipa hatoroki usiku. Sikuwahi kuchoka katika kazi hii kama nilivyochoka kwa kulinda mlango, na ndiyo sababu niliondoka.

"Mwanamke wa heshima halali nje ya nyumba yake."

Silali, nafanya kazi. Natoka nyumbani kabla ya giza na kurudi kukiwa kweupe, kwa maana usiku wa mji wetu si wa kutembea. Wenzangu wawili waliacha gardi kwa ajili ya maneno ya upande wa mume, na walikuwa wazuri kuliko mimi. Inanisikitisha kuona familia ile ile inayomsema mkamwana wake ikimtafuta kwa simu usiku wa manane mtoto wao anapopata degedege.

"Aliyebaki kwenye zamu ya usiku amekosa pa kwenda."

Miaka miwili iliyopita nilipewa zamu ya mchana. Nilikaa miezi 3, nikalala vizuri, nikakaa mezani na watoto wangu kila jioni, kisha nikaomba kurudi. Mchana nilikuwa nikikimbizana na karatasi, wageni na mzunguko wa madaktari, na mzunguko huo hufanywa kwa Kifaransa huku mgonjwa akitazama midomo ya wanaomzungumzia. Usiku mgonjwa yule yule huuliza. Kuna mzee aliyeletwa kutoka eneo la Walungu, nje ya mji, siku ambayo nilikuwa nimeombwa kusaidia wodi ya wakubwa. Saa 8 usiku aliniita, akanisogezea nafasi ukingoni mwa kitanda chake.

"Mwanangu," akasema, "asubuhi walisimama hapa watu sita. Walisema nini juu ya mguu wangu?"

Nilimweleza kwa Kiswahili, na pale nilipoona uso wake bado umekunjamana, kwa Kimashi, lugha ya kwao. Alitaka nirudie mara mbili, akauliza kama ataweza kupanda kilima chake tena, nikamwambia ninachokijua na nikamwambia pia lile la kumuuliza daktari. Kisha akavuta blanketi hadi kifuani, nami nikazima tochi na kwenda kwenye kitanda kinachofuata.