Mtafunwa na Nyoka Anapofika Ofisini: Mafunzo ya Huduma Inayozingatia Kiwewe

Muuguzi anamvisha mama mmoja mkanda wa kupimia presha, kama alivyowavisha wagonjwa wengine tangu asubuhi, kisha anaanza kujaza upepo. Mkanda unapoanza kubana, mama anauchomoa kwa nguvu, anasimama huku akitetemeka, na kabla hajaulizwa neno ameshatoka nje. Katika faili lake panaandikwa kwamba mgonjwa amekataa huduma. Muuguzi hakukosea kipimo, wala mama huyo si mkorofi. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameshikwa na kubanwa mkono huohuo, juu kidogo ya kiwiko, na mtu aliyekuwa akimpiga. Mfano huu ndio tunaoanza nao katika mafunzo ya huduma inayozingatia kiwewe, kwa sababu kila muuguzi, mwalimu, askari wa dawati la jinsia na watoto, afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyemo ukumbini ana mtu wake wa namna hiyo anayemkumbuka, aliyeondoka bila kueleweka.

Lugha yetu ilikwisha kulieleza jambo hili zamani: mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi haumi, na kila aliye karibu anaona kwamba ni unyasi tu, lakini mwili wa aliyetafunwa hausubiri kuhakikisha. Hicho ndicho kiwewe katika maana tunayoitumia kitaalamu: si tukio lenyewe, bali alama ambayo tukio limeiacha mwilini na akilini, na ambayo huendelea kuamka baada ya hatari kupita. Ofisi zetu, kwa bahati mbaya, zimejaa unyasi: mlango unaofungwa kwa kishindo, sauti ya ukali, mtu anayesimama nyuma yako, harufu ya pombe kwa uliyekaa naye benchi moja, fomu inayokutaka ueleze mbele ya watu wanane jambo ambalo hujamwambia hata mama yako.

Mtu anapokabiliwa na hatari kubwa, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kuamua, haijapata nafasi ya kufikiri. Adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, na mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Ipo pia njia ya tatu ambayo wengi hawaijui: mwili huganda. Sauti haitoki, viungo havitii, na mtu hubaki pale kama asiyekuwepo. Hakuchagua kuganda, kama ambavyo hakuna anayechagua kupepesa jicho likiingiwa na vumbi. Ndiyo maana swali la "kwa nini hukupiga kelele?", ambalo askari huliuliza akitafuta ushahidi na ndugu huliuliza kwa uchungu, humwangukia aliyebakwa kama hukumu. Huwaomba washiriki wangu wayaache kabisa maswali yanayoanza na "kwa nini" katika mazungumzo ya kwanza, na waseme badala yake, "Nieleze unachokikumbuka, kuanzia popote unapoweza."

Kuanzia popote, kwa sababu kumbukumbu ya aliyepatwa na hofu kali mara nyingi haikai kwa mfuatano. Anaweza kukumbuka rangi ya shati na mlio wa geti kwa uwazi wa kutisha, na akashindwa kabisa kusema kama ilikuwa Jumanne au Jumatano. Anaweza kuanza na mwisho, akaruka katikati, kesho akaongeza jambo ambalo leo halikumjia. Kwa asiyefundishwa, mtu huyo anadanganya. Sisemi kwamba maelezo yote yanayogongana ni ya kweli, kwani upelelezi una kazi yake na lazima uifanye. Ninachosema ni kwamba mgongano peke yake si ushahidi wa uongo, na kwamba afisa anayelijua hilo hupata maelezo mengi na bora zaidi kuliko anayebana kwa maswali.

Si kila aliyepatwa na jambo zito ni mgonjwa, na hili nalisisitiza ili neno "kiwewe" lisije likawa lebo ya kubandikiwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya watu duniani hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, na kwamba ni asilimia 5.6 tu ya hao wanaokuja kupata maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe. Wengi hupona wakiwa na familia, majirani, ibada na kazi zao. Mtoa huduma wa mstari wa mbele, kwa hiyo, hatakiwi kutambua ugonjwa wala kutibu. Anatakiwa kumpokea mtu bila kumwongezea jeraha, na kumjua anayehitaji kupelekwa mbele.

Kwa Tanzania, sababu ya mafunzo haya kuwahusu watumishi wote, si wa kitengo kimoja, ilionekana wazi katika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walipata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu ya vijana wote walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Matokeo hayo yalisukuma mengi yaliyofuata, ikiwemo mipango ya kitaifa ya kutokomeza ukatili, kuenea kwa madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na vituo vya mkono kwa mkono ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii hukaa chini ya paa moja. Lakini takwimu hizo zina jambo jingine ambalo wakufunzi wengi hulipita: watoto wale wamekua. Baadhi yao leo ni wauguzi, ni walimu, ni askari, na wamekaa mbele yangu na madaftari yao. Kwa hiyo kabla sijagusa mada, huwaambia washiriki kwamba yeyote anaweza kutoka nje wakati wowote bila kuomba ruhusa na bila kuulizwa, na mwenzangu mmoja hubaki nje kwa ajili ya atakayetoka. Hapajawahi kukosa anayetoka.

Fikra ya huduma hii ilipata msukumo mkubwa Marekani, ambako mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao walitangaza uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,500 uliohusisha madhila ya utotoni na maradhi ya ukubwani, yakiwemo ya moyo na ya mapafu. Baadaye, mwaka 2014, SAMHSA, ambayo ni idara ya serikali ya huko inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, iliandika misingi inayotumika sana hadi sasa: usalama, uwazi, kusaidiana kwa waliopitia madhila, ushirikiano, kumpa mtu sauti na hiari, na kuzingatia utamaduni. Misingi hii ni mizuri, ila ikisomwa ukutani haimfundishi mtu kitu. Lazima iteremshwe hadi kwenye benchi na mlango.

Ndiyo maana sehemu ninayoithamini kuliko zote katika mafunzo yetu ni kutembea njia ya mteja. Mshiriki anatoka nje ya geti la kituo chake mwenyewe na kuingia upya kama mgeni. Getini mlinzi anamuuliza kwa sauti ya juu, "Shida yako nini?" Mapokezi, dirisha liko chini kiasi kwamba lazima ainame na kuongea kwa nguvu ili asikike, na waliopanga foleni nyuma yake wanasikia kila neno. Anakaa kwenye benchi la kusubiri, mgongo ukiwa kwenye njia wanakopita watu, na dakika hazina mwisho kwa sababu hakuna aliyemwambia anasubiri nini. Anaingia chumbani, na anagundua kwamba kiti cha mteja kipo kati ya meza na ukuta, huku kiti chake yeye mwenyewe, anachokikalia kila siku, kikiwa kati ya mteja na mlango. Nimewaona watumishi wenye miaka 20 kazini wakikisogeza kiti hicho siku hiyohiyo, kimyakimya, bila kuambiwa.

Maneno nayo hupimwa vivyo hivyo. Sisi tuna neno "pole", na ni hazina, kwa sababu linakiri maumivu bila kudai maelezo. Linatosha peke yake. Tatizo huja tunapoliongezea: "Pole, lakini jikaze", "pole, nyamaza usilie", "pole, najua unavyojisikia". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, usiseme unajua. Mtu akilia, mwache alie, sogeza kitambaa, kaa. Kabla ya kumgusa, mwambie utagusa wapi na kwa nini, kisha subiri jibu lake: "Nataka kukufunga huu mkanda mkononi, utabana kidogo kisha utalegea. Tutumie mkono upi? Ukitaka nisimame, niambie." Sentensi hizo huchukua sekunde chache, na kama zingetamkwa, huenda yule mama asingekimbia.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watumishi wenye mioyo mizuri, nalo ni kumwahidi mtoto, "Niambie, sitamwambia mtu." Ahadi hiyo haitekelezeki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na mtumishi wa umma hawezi kujificha nyuma ya huruma. Mwambie mtoto ukweli mapema: kwamba baadhi ya mambo itabidi uwaambie watu wanaoweza kumlinda, na kwamba atajua ni nani na lini. Mtoto aliyesalitiwa na mtu mzima mmoja hastahili kuvunjiwa ahadi na wa pili. Iwapo hujui pa kuanzia, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kurudiarudia kusimulia ni jeraha la peke yake. Hesabu: mwenyekiti wa mtaa, askari wa mapokezi, askari wa dawati, daktari, afisa ustawi, mwendesha mashtaka, kisha mahakama. Hatuwezi kuziondoa hatua zote, lakini maelezo yaliyoandikwa vizuri mara moja, na mtumishi mmoja anayemsindikiza mteja kutoka mlango hadi mlango, huzipunguza sana. Hapa muda nao ni dawa: dawa za kinga dhidi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa anayopotezewa mtu akifuatilia fomu ya polisi iitwayo PF3 kabla ya kutibiwa ni saa iliyokatwa katika hizo.

Na anayesikiliza haya kila siku je? Dalili huanza taratibu: usingizi unakatika, simulizi za wengine zinaingia ndotoni, na siku moja mtumishi aliyekuwa mpole anasikika akisema, "Hawa wote waongo." Msimamizi akiyasikia maneno hayo asikimbilie onyo la nidhamu, kwani mara nyingi mtumishi huyo amebeba kupita uwezo wake. Anahitaji saa moja kwa wiki ya kuzungumza kesi zake na mwenzake mwenye uzoefu, saa iliyoandikwa kwenye ratiba, na kupokezana kesi nzito. Kumkusanya kila mtu mara moja baada ya tukio na kuwalazimisha wasimulie si tiba. Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo.

Kwa sababu hizi sina imani na semina ya siku moja inayoishia kwenye picha ya pamoja na cheti. Sisi hufundisha siku mbili, tunarudi kituoni baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi sita, na tunamtaka mkuu wa kituo akae darasani na watu wake, maana ndiye mwenye uwezo wa kuhamisha benchi. Tunaporudi hatuombi vyeti. Tunaomba rejesta. Dawa za kinga hunywewa siku 28, na mteja hutakiwa kurudi katikati na baada ya hapo. Tunafungua kurasa za miezi iliyopita na za miezi hii, tunaweka kidole kwenye safu ya mahudhurio ya pili, na tunahesabu waliorudi.