Karoti haitengenezi RPE65

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: mtoto haoni gizani, basi amepungukiwa vitamini A, mpeni karoti, maini na viazi lishe, ataona. Najua ilikotoka. Upungufu wa vitamini A kweli huleta kutoona usiku, na ndiyo maana watoto wetu Tanzania na Kenya hupewa matone kila baada ya miezi 6 mpaka wakaribie miaka 5. Lakini mtoto ambaye majibu ya vinasaba yameshaonyesha kuwa RPE65 yake, jeni moja inayohusika na kuona, ni mbovu hana shida ya lishe. Na bado mzazi anaingia na majibu hayo mkono mmoja, chupa ya vidonge mkono wa pili.

Mwanga ukiipiga retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kipande cha vitamini A kilichomo ndani ya rodopsini, protini inayonasa mwanga, hunyooka. Kikishanyooka hakina kazi tena mpaka kikunjwe upya, na ukunjaji huo haufanyiki kwenye seli zinazopokea mwanga bali kwenye tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma yake. Kimeng'enya kinachokunja ndicho hicho kinachotengenezwa kwa maelekezo ya RPE65. Kisipokuwepo, vitamini inafika salama, inahifadhiwa, inarundikana, na inaishia hapo. Kuongeza karoti ni kushusha magunia mengine ya mahindi mbele ya mashine ya kusaga iliyokufa. Tena vidonge si mchezo: vitamini A ikizidi huumiza ini, hupandisha presha ndani ya fuvu, na kwa mjamzito huweza kumletea mtoto ulemavu. Karoti ale, ni chakula. Vidonge acheni dukani, hela hiyo nunueni tochi kali.

"Kwetu hakuna kipofu, ugonjwa huu si wa kurithi." Ni wa kurithi. Baba ana nakala moja mbovu ya jeni hiyo na moja nzima, mama vilevile, na wote wanaona vizuri. Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kurithi nakala zote mbili mbovu na kuugua. Kwa hiyo mashemeji wanaomnyooshea mama kidole wanyamaze, nakala ya pili imetoka kwa kaka yao.

"Anajibonyeza macho, amerogwa." Hapana. Watoto wengi wenye ugonjwa wa Leber wa kuzaliwa nao, upofu wa retina ambao RPE65 mbovu ni chanzo chake kimojawapo, hufanya hivyo. Mtoeni mkono taratibu, msimpige.

"Miwani itamaliza." Miwani hupanga mwanga utue vizuri kwenye retina. Retina isiyoupokea hainufaiki na mpangilio huo.

"Kuna sindano Marekani, inarudisha macho mazima." Sindano ipo, inaitwa Luxturna, iliidhinishwa huko Desemba 2017, na ilitangazwa kwa dola 850,000 macho yote mawili. Si ya mkononi wala si matone: ni upasuaji, kila jicho siku yake, kirusi kinapeleka nakala nzima ya jeni chini ya retina. Wengi waliotibiwa hutembea vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu. Seli zilizokwisha kufa haizifufui, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama yake. Na mtoto ambaye jeni yake mbovu ni nyingine haimhusu kabisa. Leber peke yake huweza kuletwa na hitilafu kwenye jeni yoyote kati ya zaidi ya 20.

Ndiyo maana nawasumbua wazazi wote wawili watoe damu, si mtoto tu. Majibu yakionyesha hitilafu mbili kwenye RPE65, lazima tujue kama kila moja iko kwenye nakala yake. Zikiwa zote zimetoka kwa mzazi mmoja, nakala ya pili ni nzima, na chanzo cha kutoona tunakitafuta kwingine.