Chunusi nyeupe usoni: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Hicho kimeshaiva, kitumbue." Kauli hii nimeisikia saluni, nimeisikia nyumbani, na nimeitii mara nyingi mno. Shida ni kwamba kipele cheupe hakijaiva chochote. Ule weupe si usaha. Ni mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, vimekwama ndani ya kinyweleo na kufunikwa na utando mwembamba wa ngozi. Ukiminya, kidogo hutoka na kingine hupasukia ndani, na asubuhi kile kilichokuwa kama punje ya mtama kimevimba na kinauma hata ukicheka. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipa mara mbili: chunusi yenyewe huondoka baada ya siku kadhaa, doa lake hukaa miezi.

"Ni uchafu, nawa kila saa." Kilichoziba kiko ndani, maji hayakifikii. Mara mbili kwa siku yatosha, na mara moja zaidi ukitoka jasho. Dodoki liache mgongoni, na sabuni ya kipande ya kufulia iache kwenye beseni la nguo; ni kali kwa uso.

Ndimu sasa. "Ni ya asili, itadhuru nini?" Maji ya ndimu yana asidi kali, pH yake (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi huzidi) ni karibu 2, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Baya zaidi ni kutoka nayo juani: ngozi inaweza kuungua, ikatoa malengelenge, kisha mabaka meusi. Dawa ya meno nayo hukausha na kuchoma, basi. Mkorogo ndio usiseme. Ukiwa na steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), uso hung'aa wiki za mwanzo, halafu steroidi hiyohiyo inaanza kuleta vipele vipya.

Kinachosaidia hakina mbwembwe. Famasi ulizia dawa za kupaka za kuzibua vinyweleo: asidi ya salisiliki ya asilimia 2, au adapalini ya asilimia 0.1. Adapalini hupakwa usiku, uso ukiwa mkavu, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, wala si juu ya kipele kimoja kimoja. Anza kwa kuruka usiku mmoja au miwili, paka losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo, na mchana jikinge na jua. Mjamzito asitumie adapalini.

"Nimepaka wiki nzima, haifanyi kazi." Wiki moja! Hesabu wiki 8 hadi 12, na mwanzoni uso unaweza hata kuchafuka zaidi.

Vipele vyeupe vikichanganyika na vilivyovimba, kuna benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi. Wengi hukimbilia ya asilimia 10 wakidhani ndiyo dume, kumbe ya 2.5 hufanya kazi karibu sawa na haichomi vile. Ila inachujisha nguo: kanga yangu ya zambarau niliyotandika juu ya mto sasa ina mabaka ya rangi ya chungwa. Vipele vikiwa vigumu, vya ndani, au vinaacha mashimo, hapo ni daktari wa ngozi.

Na kama vyako vimejipanga kwenye paji la uso, sambamba na mstari wa nywele, kabla hujanunua chochote kitazame kwanza kikopo chako cha mafuta ya nywele.